Safari ya Nile na bibi: Meli ya ratiba au boti ya pekupeku?

Luxor, Misri. Jua linazama ng'ambo ya mto, nyuma ya milima yenye makaburi ya mafarao. Kwenye gati, meli zimefungwa ubavu kwa ubavu, nne kwa safu moja. Abiria wa meli ya nje kabisa hana njia nyingine ya kufika nchi kavu isipokuwa kukatiza kumbi za mapokezi za meli tatu za wenzake.

Mwanamke wa miaka 71 kutoka Tanga anakatiza ukumbi wa pili. Mkono mmoja umeshika bega la mjukuu wake wa miaka tisa, mwingine umeshika mkoba wenye dawa za presha. Sakafu inang'aa, maua yako mezani, na watu wasiomjua wanampisha kwa tabasamu.

"Tunapita sebuleni kwa watu bila hata kupiga hodi," anamnong'oneza mjukuu.

Nyuma yao anakuja mwanawe na mkewe, kila mmoja na sanduku. Mtoto mdogo wa miaka sita analala begani kwa baba yake. Hakuna anayejua kwamba safari hii imetanguliwa na mabishano ya miezi mitatu, na kwamba yalihusu jambo moja tu: mama apande chombo cha aina gani?

Watoto wawili, vyombo viwili

Mwanawe wa kiume ni ofisa wa benki Dar es Salaam. Dada yake mkubwa anaishi Muscat, Oman, kwa miaka 14 sasa. Wote wawili walikubaliana kuchanga fedha ili mama yao, aliyestaafu baada ya miaka 32 ya kupika katika shule ya bweni, aione Misri aliyoisikia tangu utotoni katika visa vya Nabii Musa. Goti la kulia linamsumbua, presha anayo, na umri hausubiri. Walijua huenda ndiyo safari yake kubwa ya mwisho.

Kaka alichagua meli ndogo ya kifahari yenye vyumba 25. Ina wahudumu wenye sare, vitambaa vyeupe mezani, mwongozaji wa kikundi, na ratiba inayowekwa juu ya kitanda kila jioni. "Mama amewapakulia watu wali maisha yake yote," alisema. "Mara hii apakuliwe yeye."

Dada alitaka dahabiya, boti ya matanga mawili yenye vyumba vichache, ambapo watu hutembea pekupeku sitahani na kula pamoja meza moja. Yeye na familia yake walishaipanda mwaka mmoja kabla. Aliandika kwenye kundi la WhatsApp la familia maneno ambayo mdogo wake hakuyasahau: "Mama hajala kwa kengele tangu astaafu. Msimrudishe shule ya bweni."

Kaka naye akajibu kwamba dada anataka kumlaza mama kwenye mtumbwi. Ikaendelea hivyo, Septemba mpaka Novemba. Mama mwenyewe hakuulizwa.

Mabishano ya zamani kuliko wao

Walichobishania ndugu hawa si kipya. Katika karne ya 19, wageni matajiri waliofika Misri walikodi dahabiya kwa miezi miwili au mitatu. Jina hilo linatokana na neno la Kiarabu la dhahabu, lile lile tunalolitumia sisi, kwa sababu inasimuliwa kwamba boti za watawala zilipakwa rangi ya dhahabu. Abiria ndiye aliyeamua wapi pa kusimama, na upepo uliamua mengine.

Kisha zikaja meli za mvuke za kampuni ya Thomas Cook, ambazo mgeni aliandikiwa siku ya kuondoka, siku ya kufika na saa ya kula. Safari ikawa fupi na nafuu. Moja ya meli za zama hizo, Steam Ship Sudan, bado inabeba wageni, na watu wengi huifuata kwa sababu ya jina la mwandishi Agatha Christie, aliyetoa riwaya yake ya mauaji ndani ya meli ya Nile mwaka 1937.

Kwa hiyo msafiri wa leo anakuta njia mbili zilezile. Tofauti yake si anasa, maana boti ndogo nzuri mara nyingi humgharimu mtu mmoja zaidi ya meli kubwa ya kawaida. Tofauti ni nani anayeishika saa.

Jambo hili huwapotosha wengi, kwa sababu wakisikia "meli rasmi" hufikiria suti. Kweli, kwenye baadhi ya meli za baharini huko Ulaya bado kuna usiku wa koti na tai. Kwenye Nile mambo ni mepesi zaidi: mchana nguo yoyote ya staha inafaa, na jioni shati safi au gauni la heshima linatosha. Urasmi wa Nile uko kwenye ratiba. Simu ya kuamshwa saa kumi na moja alfajiri, kifungua kinywa, kikundi, basi, hekalu, chakula cha mchana, hekalu jingine, chai, chakula cha usiku.

Usiku wa kwanza: "Nimeshiba"

Meza ilikuwa imepangwa kama ya harusi. Uma tatu, visu viwili, glasi nne, kitambaa kilichokunjwa kama ndege. Chakula kilianza saa mbili usiku kwa saa za Misri, ambazo Desemba ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kwa mwili wa mama wa Tanga ilikuwa saa tatu, wakati ambao kwake huwa ameshakula, ameshasali Isha na yuko kitandani.

Alikunywa supu vijiko vitatu. Nyama ilipoletwa akaigusa kwa uma, akaiacha. "Nimeshiba, mwanangu," alisema, akaomba apelekwe chumbani.

Mwanawe aliona mama amechoka na safari. Mkwewe aliona jambo jingine. Asubuhi, akimsaidia kutandika kitanda ambacho hakikuhitaji kutandikwa, alikuta karatasi ya biskuti kwenye kapu la taka. Mama alikula biskuti za wajukuu, ndipo akameza dawa yake ya presha.

"Mama, chakula hakikuwa kizuri?"

"Kizuri sana. Ila zile silaha zote zile sizijui, na nyuma yangu amesimama mtu ananitazama. Nikikosea namtia aibu mume wako."

Hapo ndipo mkwe alipofanya kile ambacho mumewe na wifi yake hawakukifanya kwa miezi mitatu. Alimwuliza mama anataka nini. Orodha ilikuwa fupi: kula saa moja, kijiko, meza isiyo karibu na baa, na kujua choo kiko wapi kabla ya kukaa.

Mkwe aliyapeleka kwa mkuu wa wahudumu, mzee wa Kinubi kutoka Aswan. Hakuona shida hata moja. Jioni ya pili kulikuwa na meza ndogo karibu na mlango, bakuli la maharage ya ful, mkate wa moto na kijiko kimoja. Alimsalimia mama kwa jina ambalo Wamisri humwita mwanamke mtu mzima wa heshima: "Ya hagga."

"Hija bado, mwanangu," mama alimjibu kwa Kiswahili. "Niombee."

Mzee hakuelewa neno, lakini aliweka mkono kifuani. Mama alimaliza bakuli.

Wazazi wengi huukimbia urasmi kwa kuogopa aibu ya namna hii, na wengine huulazimisha kwa kudhani ndiyo heshima. Wote wawili husahau kwamba meli ndogo ina wageni wachache, na kwa hiyo mhudumu anaweza kujua jina lako na goti lako. Meli ya aina hiyo ikiambiwa mapema, inapinda. Isipoambiwa, inafuata karatasi yake.

Esna: Kanzu zinazoruka

Kilomita kama 55 kusini mwa Luxor, mto umezibwa kwa bwawa la Esna. Meli huingia kwenye chumba kirefu cha maji chenye milango ya chuma mbele na nyuma. Mlango wa nyuma hufungwa, maji hujazwa, na meli huinuka polepole mpaka usawa wa juu, kisha hufunguliwa mlango wa mbele. Kwa watoto hilo peke yake ni darasa la fizikia.

Wakati wa kusubiri zamu, wachuuzi huja na mitumbwi. Hurusha nguo zilizofungwa kwenye mifuko ya plastiki mpaka sitaha ya juu, zinazowaangukia wageni miguuni. Ukipenda, unatia pesa kwenye mfuko na kuurusha chini. Usipopenda, unarudisha nguo.

Mama alisimama kwenye reli kwa mara ya kwanza bila kushikwa. Kanzu ya mtoto ilimwangukia karibu na kiti. Mchuuzi akapaza sauti ya bei. Mama hakuelewa maneno, ila aligundua kwamba anazielewa hesabu: sita yao inakaribia sita yetu, saba yao ni saba, na tisa, na ishirini. Alimjibu kwa sauti ya sokoni: "Thelathini!"

Mchuuzi alijipiga kofi la paji la uso, wenzake wakacheka, na mapatano yakaendelea robo saa. Wageni wa Kizungu waliacha kamera wakamtazama yeye. Alinunua mbili.

Dada yake kaka, huko Muscat, hakuwahi kuona hayo. Dahabiya nyingi huanzia safari Esna kwenda Aswan, ili kukwepa foleni ya milango hiyo.

Mahali ambapo meli haisimami

Siku ya tatu, baada ya Edfu, mto unabanwa na vilima vya mawe ya mchanga vya Gebel el-Silsila. Humo ndimo mafarao walimochimba mawe ya kujengea mahekalu yao. Kingo zina kuta zilizokatwa wima, na vijumba vya ibada vilivyochongwa mwambani.

Meli ilipita bila kusimama, kwa kuwa gati la meli kubwa halipo. Lakini dahabiya moja ilikuwa imefungwa ukingoni chini ya mti, matanga yamekunjwa. Watu sita walikuwa wakila chakula cha mchana kivulini. Mtoto mmoja alikuwa na miguu ndani ya maji. Hakuna injini iliyosikika.

Kaka aliwarekodi kwa simu, akamtumia dada yake. Jibu lilikuja upesi: "Mmepita pazuri kuliko pote bila kusimama."

Alikuwa na haki. Uzuri wa dahabiya uko pale ambapo ratiba haifiki. Upepo wa Nile huvuma kutoka kaskazini karibu mwaka mzima, wakati maji yanakwenda kaskazini. Wamisri wa kale waliligeuza jambo hilo kuwa maandishi: kwenda kusini waliandika kwa mchoro wa boti yenye tanga lililoinuliwa, na kwenda kaskazini kwa boti isiyo na tanga. Upepo ukilala, boti ndogo yenye injini huivuta dahabiya. Jioni mabaharia huifunga kwenye kisiwa cha mchanga, huwasha moto, na wageni hula samaki wakiwa wamekaa wanavyotaka. Mtoto akisinzia saa moja, analazwa saa moja. Hakuna wa kumtazama vibaya.

Kwa familia yenye watoto wenye miguu mizima, ni vigumu kupata mapumziko bora kuliko hayo.

Lakini ndani ya siku hiyohiyo dada alituma ujumbe wa sauti, mrefu, ambao hakuwahi kuutuma katika miezi yote mitatu ya mabishano.

Wiki nane za kusubiri

Alisema kwamba mwaka uliopita, siku ya pili ya safari yao, nahodha aliwaambia wageni kuwa wanaweza kuogelea. Maji yanakwenda kasi, alisema, hakuna tatizo. Wanawe wawili, wa miaka 13 na 15, walijirusha kabla hajafungua mdomo. Waliogelea karibu na ukingo, kwenye majani, kwa nusu saa.

Usiku ule alikumbuka kichocho. Alisoma shule ya msingi Mwanza, na alikumbuka wenzake waliokuwa wakikojoa damu.

Kichocho na Nile vina historia ndefu. Mdudu wake aligunduliwa Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, na ndiyo maana ugonjwa huo huitwa pia bilhazia. Misri imepiga hatua kubwa ya kuupunguza kwa dawa ya prazikwanteli, lakini ushauri kwa wasafiri bado ni uleule unaotolewa kwa Ziwa Victoria: usiogelee wala usitembee ndani ya maji baridi ya mito na maziwa. Vimelea hutoka kwa konokono wanaopenda maji yaliyotulia kando ya ukingo, kisha huingia kwa kutoboa ngozi. Huhitaji kuyanywa maji. Kati ya mto, penye mkondo, hatari hupungua, lakini hakuna nahodha anayeweza kukupa hakikisho.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba kipimo cha kesho yake hakisaidii. Hufanywa wiki sita hadi nane baada ya kuingia majini, kwa sababu vimelea huchukua muda kukomaa mwilini. Dada alihesabu wiki nane, Muscat, bila kumwambia mtu. Majibu yalitoka salama.

"Sikukwambia kwa sababu ungeshinda ubishi," alimwambia mdogo wake.

Kaka aliusikiliza ujumbe mara mbili. Kisha naye akaandika kuhusu usiku wa kwanza, uma tatu na biskuti.

Kwenye meli ya ratiba kishawishi hicho ni kidogo, kwa sababu sitaha yake iko juu na mara nyingi kuna bwawa dogo la kuogelea lenye maji yaliyotiwa dawa. Hilo si jambo dogo kwa mzazi wa mtoto wa miaka sita. Kwa upande mwingine, meli yenye watu wengi na chakula cha kujipakulia ina hatari yake: tumbo la kuharisha huenea haraka penye vijiko vinavyoshikwa na kila mkono. Sabuni, maji ya chupa, na paketi chache za ORS mkobani ni za lazima katika vyombo vyote viwili.

Usiku wa kanzu

Karibu kila meli ya Nile ina usiku mmoja wa galabiya. Wageni huombwa kuvaa kanzu za Kimisri, ngoma hupigwa, na chakula huwa cha kienyeji. Kwenye ratiba ya meli hiyo uliandikwa kama usiku wa sherehe kubwa kuliko zote.

Kwa wageni wengi lilikuwa vazi la mchezo. Wanaume walikanyaga pindo, wanawake walifunga mitandio ikaanguka. Mama alikuja na dera lake la nyumbani na kanga mabegani, na mjukuu wake mdogo amevaa kanzu ya Esna, iliyomfika magotini. Viatu vipya alikuwa ameviacha chumbani. Alivaa ndala.

Kwa mara ya kwanza safari nzima, kanuni ya mavazi ilikuwa imemfuata yeye.

Alikula kwa mkono, kama walivyokula mabaharia. Baada ya chakula alimwita mzee wa Kinubi na kumwonyesha kwa ishara kwamba anataka kuona jiko. Mwanawe alinyanyuka kumzuia. "Mama, kaa. Leo wewe ni mgeni."

"Mwanangu," alisema, "siku tatu nimekaa. Mikono inaniuma kwa kukaa."

Alichukuliwa. Jiko lilikuwa jembamba, la joto, na safi. Mpishi alimfunulia sufuria moja moja. Mama alinusa bizari, akaonja dengu, akatikisa kichwa kuonyesha chumvi imezidi kidogo, na mpishi akacheka. Alirudi baada ya dakika kumi akiwa na kitunguu kikubwa chekundu mkononi, zawadi.

Mwanawe alikaa kimya kwa muda. Alikuwa amelipia pesa nyingi ili mama asishike kijiko cha kupakulia, na siku aliyoifurahia zaidi mama ni ile aliyoingia jikoni.

Kom Ombo mpaka Aswan

Hekalu la Kom Ombo liko kando kabisa ya mto, hatua chache kutoka gatini, na kwa mtu wa goti baya hiyo ni nafuu kuliko Edfu, ambako watu hupelekwa kwa magari ya farasi yanayorukaruka. Kwenye ukuta wa nyuma kuna michoro ya visu, koleo, mizani na chupa. Wataalamu wengi huitafsiri kama vifaa vya tiba, ingawa wengine huona ni vya ibada. Pembeni wamechorwa wanawake wamekaa kwenye viti vya kuzalia. Mama alivitazama kwa muda mrefu kuliko kitu chochote katika safari nzima. Mama yake mzazi alikuwa mkunga wa kijiji.

Jirani kuna makumbusho yenye mamba waliokaushwa, yaliyofunguliwa mwaka 2012. Watoto hawakutaka kutoka.

Aswan mto ni mpana, umejaa visiwa na mawe meusi ya mviringo. Ng'ambo yake kuna nyumba za Wanubi zenye rangi, na juu zaidi ni bwawa kuu lililokamilika mwaka 1970, ambalo maji yake yaliwahamisha makumi ya maelfu ya Wanubi kutoka vijiji vyao. Mzee wa meza alionyesha upande wa kusini kwa kidole, akasema kijiji cha baba yake kiko chini ya ziwa.

Mjukuu wa miaka tisa aliuliza kama maji yale ni ya Ziwa Victoria. Sehemu yake, ndiyo: yalianza Jinja, Uganda. Mengi zaidi yanatoka nyanda za juu za Ethiopia. Mtoto alisema basi wamekutana na jirani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Wazazi wanaofikiria safari kama hii, iwe Nile au kwenye meli ndogo za bahari yoyote, wasianze na swali la nguo. Waanze na mwili wa aliye dhaifu kuliko wote katika familia.

Ngazi ni ngapi? Uliza kutoka chumbani mpaka mezani, na kutoka chomboni mpaka nchi kavu. Dahabiya nyingi hazina lifti, na abiria hushuka kwa ubao mpaka kwenye tope au mchanga. Uliza pia kama bafuni kuna chuma cha kushikia.

Chakula ni saa ngapi, na je, saa hiyo inabadilishika? Mtu wa kisukari au presha anayemeza dawa na chakula hawezi kungoja hotuba ya kukaribisha wageni. Andika ombi lako wakati wa kuweka nafasi.

Mgonjwa atapelekwa wapi? Chombo kidogo kwa kawaida hakina daktari, na kati ya Esna na Aswan dahabiya hulala mbali na miji. Bima ya safari inayogharamia matibabu na usafiri wa dharura si anasa.

Dawa zetu zinaruhusiwa? Misri hudhibiti vikali baadhi ya dawa za maumivu, ikiwemo tramadol, ambayo wazee wengi huandikiwa kwa magoti na mgongo. Uliza ubalozi, beba dawa kwenye pakiti zake na barua ya daktari, na usibebe dawa ya mtu mwingine. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja na pasipoti.

Tunakwenda mwezi gani? Likizo ya Juni inavutia kwa sababu shule zimefungwa, lakini Aswan wakati huo joto hupita nyuzi 40. Mzee anayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo aonane kwanza na daktari. Desemba na Januari mchana ni wa raha, ila usiku ni baridi, na sweta ni la lazima.

Watoto wataingia majini? Amueni nyumbani, kabla nahodha hajawaalika.

Jioni yetu ikoje? Je, baba anataka kuvaa vizuri na kukaa mezani saa mbili nzima? Mama anataka kulala mapema? Vijana watachoka na wazee? Hapa ndipo suala la mavazi linapoingia, na mara nyingi huwa limeshajijibu.

Jibu la mama

Siku ya mwisho, bahasha za bakshishi zilipokwisha kugawiwa, dada alipiga simu ya video kutoka Muscat. Alimwuliza mama kile walichopaswa kumwuliza Septemba: angepewa nafasi ya kuchagua, angepanda kipi?

Mama alifikiri. Alisema chumba kilikuwa na mahali pa kushika bafuni na alilala usingizi mzuri, hivyo kaka alifanya vyema. Alisema pia kwamba ile boti iliyokuwa chini ya mti, watu wanakula kivulini bila kelele, aliiona na akaitamani.

"Basi mwakani mama, dahabiya," dada alisema.

"Ngazi zake ziko vipi?"

Dada alinyamaza kidogo. "Nyembamba, mama. Na hazina pa kushika."

"Basi waambie waweke," alisema mama. "Wakishaweka, mnijulishe."

Akamrudishia mwanawe simu, akaanza kukifunga kile kitunguu cha mpishi ndani ya kanga, taratibu, ili kisipondwe na masanduku.